Marehemu Bi Ngoja na Ishara Isiyopaswa Kusubiri

Tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1979, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, mtoto wa tatu wa fundi redio na mshona nguo.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya barabara, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 2003 akahitimu shahada ya sayansi ya kompyuta. Hata hivyo, shule yake ya kwanza ilikuwa banda la baba yake. Akiwa darasa la tano aliachiwa kupanga redio ipi ya mteja itengenezwe kwanza, akaiweka ya baba yake mdogo mwisho kabisa.

"Yaani mimi wa damu nisubiri?"

"Yako ya mpira tu, baba mdogo. Ile ya mwalimu ni ya vipindi vya darasani kesho."

Baba yake alicheka hadi bisibisi ikamdondoka.

Tarehe 14 Agosti 2008 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa binti na mvulana. Mumewe anasema mara nyingi chakula cha mkewe kilipoa mbele yake huku macho yake yakiwa ukutani. "Mama watoto, uko wapi?" Naye alikuwa akijibu, "Njiani, narudi."

Tangu 2006 alifanya kazi katika kampuni moja, ghorofa ya pili, chumba ambacho dirisha lake halikuwahi kufunguka. Aliandika kiini cha mfumo endeshi, sehemu ya ndani kabisa inayopokea ishara za kila kifaa cha kompyuta na kuamua ipi ikatize kazi papo hapo na ipi isubiri. Kwa kuwa hakupitisha jambo bila kulikagua, wenzake walimwita Bi Ngoja.

Mwaka jana alikabidhiwa mfumo wa mashine za wodini. Kompyuta moja ingefanya kazi za kompyuta kadhaa, juu yake pakiwa na programu msimamizi inayozigawia zamu. Kiini hudhani kinaongea na mashine yenyewe, kumbe kinaongea na msimamizi. Katika majaribio, Bi Ngoja aliona msimamizi akibadilisha zamu na kusahau kiwango cha kipaumbele kilichowekwa. Ishara ya mgonjwa kushindwa kupumua ikakaa foleni pamoja na ishara za kibodi.

"Imetokea mara moja tu, dada," mkuu wake alimwambia.

"Na mgonjwa atakufa mara moja tu."

"Basi zipe zote kipaumbele cha juu, tumalize."

"Zote zikiwa za dharura, hakuna ya dharura. Siweki sahihi."

Walinuniana wiki nzima. Alirekebisha upande wa kiini, lakini programu msimamizi ilikuwa mali ya kampuni nyingine, na kampuni hiyo haikumjibu.

Mwezi Februari mwaka huu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Hakuogopa kufa kama alivyoogopa kuiacha kazi hiyo nusu. Alipolazwa, kila mashine ya kando ya kitanda ilipolia alimgeukia muuguzi.

"Umeisikia saa hiyohiyo?"

"Dada, hapa mgonjwa ni wewe. Lala."

Hakulala. Alimwita mwenzake wa meza ya jirani, ambaye kwa sauti yake kubwa wote wanamjua kama Tarumbeta. "Watakuletea wewe mfumo ule sasa," alimwambia. "Usisaini kwa kunionea huruma, wala kwa kumwogopa bosi. Saini ukiiona ishara inapita." Tarumbeta aliitikia kwa kichwa, lakini Bi Ngoja alitaka kusikia neno. Muda wa kuona wagonjwa ukaisha kabla hajalisikia.

Alifariki dunia Jumatano, tarehe 12 Novemba 2025, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto wawili, mama mzazi, kaka wawili, dada mmoja, na baba mdogo ambaye hajaacha kulia tangu Jumatano. Amewaacha pia wafanyakazi wenzake, walioketi pamoja nasi hapa, ambao Jumatatu wataletewa mfumo ule uidhinishwe. Familia haijui kusoma kazi yake. Inachojua ni kwamba hakuipitisha, na inaomba isipitishwe kwa sababu tu hayupo.

Mola ampe pumziko na amani aliyoikosa wodini.