Ragnhild Öberg, Aliyenunua Kila Filamu Mara Mbili

Ragnhild Öberg ameitumikia maktaba ya mji wetu wa Granåsen kwa miaka thelathini na minne, na Ijumaa, tarehe 30 Mei, anastaafu. Ofisi imeniomba niandike ukurasa mmoja wa furaha kwa ajili ya jarida la wafanyakazi. Furaha nitajitahidi. Hasira siwezi kuificha, na Ragnhild mwenyewe ameniambia nisiifiche.

Alianza kwa kugonga mihuri kwenye vitabu. Kazi ya kununua filamu alipewa kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Kila diski mpya aliijaribu wakati wa chakula cha mchana, akila mkate wake wa uduvi mbele ya televisheni, ndiyo maana anajua mwanzo wa maelfu ya filamu na hajui mwisho wa hata moja.

Diski mpya zenye picha kali kuliko za DVD zilipoingia sokoni, alianza kununua kila filamu mara mbili: moja ya picha kali kwa wenye mitambo mipya, nyingine DVD ya kawaida kwa wenye deki za zamani. Hakuna aliyelalamika, mpaka miaka mitatu iliyopita alipokuja mkurugenzi wetu, Joakim Sandell.

"Filamu ni moja, unainunua mara mbili ya nini?" aliuliza.

"Kwa sababu deki za watu haziko sawa."

Mkurugenzi akaamuru zinunuliwe za picha kali tu. Haikupita miezi miwili, wazee wakaanza kuturudishia diski wakisema ni mbovu. Hazikuwa mbovu. Deki zao haziwezi kuzisoma, basi.

Mmoja wao ni Sixten Hedman, dereva wa treni mstaafu, mwenye miaka themanini na minane. Mkewe amepoteza kumbukumbu, na jioni hutulia akiwekewa filamu. Sixten alirudisha diski mara tatu. Mara ya tatu aliinama juu ya meza, akauliza kwa sauti ya chini, "Au ni mimi nisiyejua kubonyeza?"

Ragnhild alimjibu kwa upole kwamba kosa si lake. Kisha akapanda ghorofani na kuingia kwa mkurugenzi bila kubisha hodi. Mlango aliuacha wazi, kwa hiyo sote tulisikia.

"Mzee wa watu umemfanya ajione mjinga," alisema.

"Wanaotaka hizo za kawaida ni wachache, Ragnhild. Tena wanapungua."

"Wanakufa, Joakim. Sema neno lenyewe."

Mkurugenzi hakubadili amri yake. Basi Ragnhild akaiandikia kamati ya utamaduni ya manispaa, na siku ya kikao akaenda na Sixten, mzee akiwa amekumbatia deki yake kifuani. Mzee hakuhutubia. Aliichomeka kwenye televisheni ya ukumbini, akatia diski ya picha kali, na wajumbe wote wakakaa wakitazama kioo cheusi. Kura zikapigwa, na tukarudi kununua za aina zote mbili. Wiki hiyohiyo mke wa Sixten alipata filamu yake.

Laiti ningeishia hapo. Mwezi Machi tulikuta karatasi imebandikwa kwenye friji ya jikoni: nafasi ya Ragnhild haitajazwa, na ununuzi wa filamu utakoma akiondoka. Miaka thelathini na minne ya mtu imefutwa kwa karatasi ya jikoni, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia ana kwa ana. Niliomba niifanye kazi hiyo juu ya yangu. Nikaambiwa suala litaangaliwa. Jana niliiandikia kamati, na wenzangu kumi na mmoja wametia saini.

Ragnhild, asante kwa ukaidi wako, na kwa kila aliyetoka mlangoni petu na kitu ambacho kweli angeweza kukitazama. Tunakuombea afya njema na siku ndefu zenye utulivu. Nenda ukapumzike. Hasira tuachie sisi.