Mihogo ya Mahameni

Mwaka ule watu walikula unga wa mahindi ya njano mpaka wakaubatiza Yanga, kwa rangi ya jezi za timu. Kijiwe cha kahawa karibu na stesheni ya Mpanda kilikuwa na kazi maalumu: kesho bwana mkubwa anashuka na treni ya Kaliua kuja kupima kama wilaya inaweza kujitegemea njaa ikipiga hodi. Katibu Kata Makarius, waliyemwita Azimio, alitaka majibu ya kung'aa. Damiano alitaka ajira. Digrii ya Mlimani anayo, kazi hana, tangu alipomwambia bosi wake kwamba ni mjinga, kwa lugha mbili. Mwisho wa benchi alikaa mama Marsela. Operesheni Vijiji ilimhamisha kutoka milima ya Mwese ikamleta kijiji cha barabarani. Sasa watoto wana njaa, naye anasubiri Azimio ampe kibali akang'oe mihogo aliyoiacha kule mahameni.

— Vumilia, mama, alisema Azimio. Tunajadili njaa.

— Andika nyuki, alisema Makoye, Msukuma wa ng'ombe, jina la kijiweni Mkia. Kila kaya mzinga.

— Asali bila ugali? Damiano akamdaka. Taifa zima litaharisha. Self-reliance ya chooni, hiyo.

— Wewe digrii yako imekulisha nini?

— Maneno. Angalau hayaharishi.

Kasimiri, mwenye birika, akagonga vikombe.

— Mimi nasema viboko. Wamejaa Katavi, kazi yao kulala. Wavute plau. Mafuriko yakija, tunawapanda.

Azimio alifikiri kweli kweli.

— Wangapi kwa kijiji?

— Comrade, be serious, alisema Damiano. Viboko wana kadi ya chama?

— Watapewa.

Damiano akaona upenyo, akalainisha sauti.

— Undeni Kamati ya Maafa, katibu wake awe msomi. Na ghala la akiba je?

— Tumelipaka chokaa.

— Ndani kuna nini?

— Chokaa iliyobaki. Lakini akiba ipo, bwana. Amri ilisema kila kaya ekari ya mihogo, na wote walilima.

— Iko wapi? aliuliza Marsela.

Wakageuka.

— Yangu iko mahameni. Mlisema tusirudi. Nguruwe pori wanaila bila kibali. Mimi niliyeipanda, nani ananiruhusu?

— Mkoa, alisema Azimio. Hapana, hilo la Operesheni. Yaani... tutaliona kesho.

— Na leo watoto wanakula nini?

Damiano alikuwa na jibu kwa lugha mbili, ila alikumbuka ajira, akalimeza. Kasimiri akainamisha birika, likatoa machicha.

— Imeisha, alisema.

Marsela akajitwika kapu, akachukua jembe lake.

— Mgeni wenu akiuliza akiba ya wilaya, mwambieni nimeifuata.

Alishafika relini Damiano alipoinuka, amevaa viatu alivyovipaka rangi kwa ajili ya kesho.

— Mama, ngoja. Lete jembe nikubebee.

— Damiano, Azimio aliita. Na ile nafasi ya katibu?

— Mpe kiboko. Mradi ana kadi.