Risala ya Wafanyakazi wa Boriti Kuhusu Bi Thuwaiba na Seva Mpya

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wetu wa Bodi, Bi Tahiya. Viongozi mliofuatana naye. Wenzetu wote: Assalamu alaikum.

Sisi wafanyakazi wa Kampuni ya Ukarabati ya Boriti, hapa Malindi, Unguja, tumefurahi kukuona. Tunajua umekuja kuizindua seva mpya, mashine inayotunza kumbukumbu zetu zote. Utuvumilie, maana risala hii hatukuiandika kama tulivyoagizwa.

TULIKOTOKA

Kampuni yetu inatengeneza nyumba kongwe, za mjini na za mashamba. Kila kazi huingizwa katika programu ya kusimamia miradi, na fundi hagusi ukuta mpaka msimamizi aidhinishe humo. Anayeiangalia programu hiyo ni mtu mmoja tu, Bi Thuwaiba Mcha, mzaliwa wa Nungwi, anayekaa chumba cha kupanga Mpendae.

Mwezi wa Machi seva ilibadilishwa, ikawekwa hii mpya. Siku ya pili yake programu ikawa nzito. Ukurasa uliokuwa ukifunguka mara moja ukachukua dakika nne. Mafundi wa Bububu walikaa asubuhi nzima wakingoja idhini, chokaa ikiwakaukia ndooni.

CHANGAMOTO

Tulimlaumu yeye. Siku moja alisimama mezani kwa Ubwa, huyu anayekusomea risala, akamwambia, "Naomba nikae hapo dakika tano nitazame kinachochelewa."

Ubwa akamjibu mbele ya watu, "Usije ukaiharibu zaidi."

Tukacheka. Tangu hapo hakuja tena kwenye meza zetu. Wakati wa chai sisi tulikaa barazani, yeye akabaki ndani, na hakuna aliyemwita. Akitoa salamu asubuhi, waliomjibu ni wawili watatu, tena kwa chini chini. Wiki ya tatu tukaupelekea uongozi barua kwamba kazi imemshinda. Tulitia saini watu kumi na wanane.

MAFANIKIO

Aliendelea peke yake. Alikagua nyaya, akakagua mtandao, vyote vizima. Akafungua mradi mpya wenye kazi kumi, ukafunguka papo hapo. Akafungua wa zamani wenye maelfu ya kazi, ukakwama. Hapo akajua pa kutazama. Seva ilipobadilishwa, faharasa ya kumbukumbu, ile orodha inayoielekeza mashine kila kitu kilipo, haikujengwa upya, kwa hiyo kila tulipouliza jambo moja, mashine ilipekua kumbukumbu zote tangu ya kwanza. Waliobadilisha ni mafundi wa nje, si yeye. Haya tumeyasoma baadaye katika taarifa yake ya ukurasa mmoja. Hakulaumu mtu.

Ijumaa, sisi tumekwenda kusali na kula, akaijenga faharasa ile. Tuliporudi saa nane, kurasa zikafunguka kabla hatujaondoa kidole. Tulishangilia, tukapigiana makofi. Chumba chake kimepakana na chetu, alisikia yote. Hakuna aliyekwenda kumwambia kitu. Rahila wa mapokezi alimwona akitoka na mkoba wake.

"Mbona mapema, Bi Thuwaiba?"

"Nshamaliza."

Jumatatu akaomba uhamisho kwenda ofisi yetu ya Wete, Pemba.

Jana, tulipokwisha kuisoma taarifa yake, tulimtuma Ubwa akamwombe radhi. Akabisha hodi.

"Naam," aliitika bila ya kugeuka.

"Bi Thuwaiba, tumekukosea. Tunataka kesho uje ukae mbele, pamoja na mgeni."

"Sasa inafunguka vizuri?"

"Inafunguka."

"Basi, alhamdulillahi. Mimi kesho nna kazi."

Ubwa akaurudisha mlango, akaja kutuambia.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tulikuwa tumeandika ombi kwamba umkatalie uhamisho. Tumelifuta, maana tulikuwa tukijiombea wenyewe. Tunaomba hili: kabla hujaidhinisha uhamisho huo, uitoe barua yetu katika faili lake, asifuatwe nayo huko aendako. Na huko Wete apewe mwenzake katika kazi, hata mmoja, wa kumwita chai ikiwa tayari.

Mwenyezi Mungu akuzidishie afya na hekima, amfanyie wepesi Bi Thuwaiba katika safari yake, na atughufirie sisi.

Ni sisi, watu kumi na wanane tuliotia saini,
Wafanyakazi wa Boriti, Malindi, Unguja.