Aliyejifunza Tarumbeta Mara Mbili

Tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa mwisho wa fundi magodoro na mkewe. Wengi mnamjua kwa jina la Mashavu, na mwenyewe aliliitikia. Mama yao alifariki yeye hajaota meno. Alilelewa na dada yake mkubwa, tena alilelewa vizuri, asitokee mtu hapa akasema vingine.

Shule aliishia darasa la saba, akaingia ukinyozi. Mjomba wake alimwachia tarumbeta kuukuu. Mwalimu hakuwa naye. Alikuwa na redio kaseti, na betri zilizochoka ambazo dada mtu alizianika juani zipate nguvu kidogo. Aliiga nyimbo hivyo kwa miaka, mpaka midomo ikapasuka.

Mwaka 1983 bendi ya mji ilitangaza nafasi. Dada akampigia pasi shati, wakaenda wote. Bendi ikaanza, Mashavu akaingia, ukumbi mzima ukakunja uso. Kila wimbo sauti yake ilikuwa chini ya zao. Kidogo tu, lakini chini.

"Kinyozi, huo wimbo unaumwa nini?" mpiga ngoma akamchokoza. Watu wakaangua kicheko.

Kiongozi wa bendi, msomi wa muziki, hakucheka. Aliuliza alijifunzaje. Aliposikia habari ya betri, akaelewa: betri zikichoka, kaseti huzunguka polepole na sauti hushuka. Mashavu aliiga nyimbo zote zikiwa zimeshuka, na vidole vikazoea hapohapo.

"Sikio unalo, pumzi unayo. Shule ndiyo huna. Njoo darasani kwangu, uanze na watoto."

Dada akasimama. "Mdogo wangu haanzi na watoto! Huyu amepuliza miaka!"

"Dada, kaa," Mashavu akasema. "Nitaanza."

Akaanza. Asubuhi ananyoa, jioni yuko darasani, magoti yanagonga dawati. Kujifunza upya kulimtesa kuliko kujifunza mara ya kwanza, maana vidole vilikuwa vinakimbilia kosa lao la zamani. Hakuacha. Mwaka 1985 alipewa kiti kwenye bendi, akakikalia mpaka alipostaafu 2018, wakati huo yeye ndiye kiongozi.

Dada yake mpaka leo anasema ni bidii, si shule. Marehemu alikuwa akimjibu, "Bidii nilikuwa nayo, dada. Ndiyo maana nilikosea vizuri vile."

Mwaka 1987 alimwoa fundi aliyeshona sare za bendi. Alirudisha kola ipunguzwe, akairudisha ipanuliwe, mpaka binti wa watu akamwambia, "Kaka, sema shida yako. Kola haina kosa." Akasema. Walijaliwa mabinti wawili na mwana mmoja.

Mwaka 2021 mapafu yalianza kumsumbua, daktari akamkataza kupuliza. Wanafunzi wake wa tarumbeta akaendelea kuwafundisha akiwa kitandani, anaimba sauti kwa mdomo, vidole vinagonga blanketi. Wakimwambia apumzike, anauliza, "Mwanafunzi wangu ana mtihani, nipumzike nini?" Alifariki asubuhi ya tarehe 14 Juni 2024. Mwanafunzi huyo amefaulu, yupo hapa.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu, na dada yake mkubwa, ambaye ana ombi moja kwa wapiga tarumbeta: msimpigie kwa machozi, mpigieni sawasawa. Atakayekosea, arudie toka mwanzo. Tutasubiri.

Pumzi yake ameitumia yote. Mungu ampumzishe kwa amani.