Bandama Lililopelekwa Mjini

Benchi letu liko kando ya barabara ya Asaro, nyuma ya meza za tambuu, pale magari ya kwenda mjini Goroka yanapopunguza mwendo. Asubuhi nauza kahawa hapo, mwanangu Heni akiwa amelala mgongoni ndani ya bilum, mfuko wetu wa kufuma. Siku hiyo wateja wangu wa kila siku walikunywa bila hata kudai sukari. Nguruwe dume asiyejulikana mwenyewe alikuwa amekutwa amekufa mtoni, na ugonjwa unaoua nguruwe ulikuwa umeshafika mkoa jirani. Dada Nolin, afisa mifugo, alikata kipande cha bandama lake akakipeleka maabara, akawaagiza hao wateja wangu wauzike mzoga. Majibu yalikuwa yafike siku hiyo. Yakiwa mabaya, nguruwe wote wa upande wetu wangeuawa, pamoja na wale niliowalea kwa viazi vitamu ili mdogo wangu Apoi awapeleke mahari kwa wakwe zake Jumamosi.

Mteja tunayemwita Redio, ambaye habari humfikia kabla ya wenyewe, ndiye aliyeanza.

— Wanasoma herufi, bwana. Ndani ya kila kiumbe kuna maandishi. Mdudu wa ugonjwa naye ana yake. Mashine inayatafuta hayo.

— Herufi ngapi? akauliza Injinia, anayefunga simu mbovu kwa utepe.

— Nne.

— Nne? Hata kwa jina langu hazitoshi.

— Zinarudiwarudiwa. Mstari mrefu kama barabara ya Lae.

— Na mdudu mwenyewe akiwa mchache tu?

— Wananakili. Nakala moja inazaa mbili, mbili zinazaa nne, mpaka mashine imwone.

— Kumbe wanafuga ugonjwa! Sisi tunakatazwa kuhamisha nguruwe, wao wanazalisha.

— Wananakili maandishi tu, Injinia, si mdudu. Ndiyo maana majibu yanachelewa. Damu nzito kuliko maji, haisomeki upesi.

Mlinzi, aliyewahi kulinda ghala la kahawa na mpaka leo huongea kama yuko zamu, akasogea karibu.

— Redio, hiyo mashine inasoma vyote?

— Vyote.

— Hata mate?

— Mate ndiyo rahisi kabisa.

— Ya mtu?

— Unataka kusema nini, shemeji?

— Nauliza tu. Mtu akila kitu, si anaacha maandishi yake pale?

Injinia akaweka kikombe chini.

— Lakini bandama lilikatwa kabla hatujala, akanong'ona.

— Nguruwe si yule yule? Redio akajibu, akijifuta midomo. Wakisoma majina, la kwanza ni langu. Mimi nilikula kichwa.

— Nani alikutuma ule kichwa? akauliza Mlinzi.

— Siri ya mtungi aijuaye ni kata.

— Kata gani? Ulitumia mikono yote miwili.

— Msinitazame mimi peke yangu, akasema Redio. Hata chumvi ilitoka kwa mama Heni.

Nikainamia birika. Chumvi hiyo waliniomba wakisema ni ya viazi.

Gari la idara ya mifugo likasimama. Dada Nolin akashuka na bahasha kwapani, akaketi mwisho wa benchi. Nikammiminia kahawa, nyingine ikamwagikia mezani.

— Dada, nguruwe wangu? nikauliza.

— Wazima, mdogo wangu. Hakuna ugonjwa. Wamepima mara mbili. Mwambie Apoi awapeleke Jumamosi.

Nikakaa juu ya gunia la viazi. Nililia na kucheka pamoja mpaka Heni akaamka, naye akaanza kulia bila kujua kwa nini. Injinia alimpiga Mlinzi mgongoni hadi kahawa ikampalia.

— Niliwaambia, akasema Redio. Mashine haina fitina.

— Na majina? akauliza Mlinzi.

— Majina gani? akasema dada Nolin.

— Hakuna, dada. Nilikuwa naongea na Redio.

Dada Nolin akanywa kidogo, akatoa simu yake mfukoni.

— Basi nimebakiza picha ya shimo la mzoga tu, nifunge kazi. Mlimzika wapi?

Redio akamtazama Injinia. Injinia akamtazama Mlinzi. Mlinzi akatazama barabara, kisha wote watatu wakanigeukia mimi.

Nikainua birika, nikalitikisa.

— Dada, nikasema, picha ingoje kwanza, imebaki nusu kikombe. Malizia wewe.