Mbwa Niliyemvunja Mwenyewe

Wapendwa, nawasalimu. Wazee wangu, shikamooni. Leo mtaniwia radhi, nitasema habari ya mbwa. Anayetaka kucheka na acheke.

Wengi hapa mnajua nilivyokuwa. Nilikuwa nakunywa pombe ya mbege tangu asubuhi, na gari la kukusanya maziwa naliendesha hivyo hivyo. Mchana mmoja, hapa hapa Marangu, nilifika nyumbani nikarudisha gari nyuma bila kutazama kioo. Nikasikia kilio. Mbwa wetu alikuwa amekuja kunipokea. Tairi lilimpita kiunoni.

Daktari wa mifugo alisema uti wa mgongo umeumia, miguu ya nyuma haitafanya kazi tena. Mimi nilitaka achomwe sindano, yaishe. Mke wangu akasema, "Unataka aondoke ili usione ulichofanya." Nawaambia kweli, ndivyo ilivyokuwa.

Basi fundi wa kuchomelea wa kule Shirimatunda akatutengenezea kigari: magurudumu mawili ya baiskeli ya mtoto, vyuma vyepesi, na mikanda ya kushika kiuno. Nikadhani kazi imekwisha. Nikamfunga mbwa, nikamwambia, "Haya, nenda!" Akaganda. Nikamvuta, akapinduka na kigari chake kwenye mfereji. Tangu hapo kila nikimsogelea anajiburuta kwa miguu ya mbele mpaka chini ya mibuni, anatetemeka.

"Anaogopa magurudumu," nikasema.

Mke wangu alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Hakuinua hata kichwa. "Mimi nikimfunga mikanda anatulia. Haogopi magurudumu, baba. Anakuogopa wewe ukinuka pombe hivyo."

Ndugu zangu, nilishasemwa na mchungaji, na kaka zangu, na tajiri wangu mwenye gari, hata akaninyang'anya ufunguo. Hakuna neno lililoniingia kama hilo. Nilikaa chini palepale mgombani nikalia.

Kesho yake sikunywa. Mikono ilitetemeka, jasho likanitoka kama mwenye malaria. Siwadanganyi, nilianguka tena kwenye pombe mara mbili baada ya hapo, na siku hizo sikumgusa mbwa. Nikaanza upya. Nikaweka kigari karibu na bakuli lake, akinuse tu. Baadaye mikanda peke yake. Halafu dakika chache ndani ya kigari, mke wangu ameshika nyuma, mimi nimepiga magoti mbele na kipande cha utumbo mkononi.

Alinitazama sana. Akasogeza mguu mmoja, akasogeza wa pili, magurudumu yakazunguka. Akaja mpaka kwangu. Utumbo hakuugusa kwanza, alinilamba vidole.

Sasa anazunguka kihamba chote, shamba letu la nyumbani, ila kwenye mteremko lazima ashikwe. Mwenye gari hajanirudishia ufunguo, na sijamwomba. Nalima, nakata majani, inatosha.

Namshukuru yule fundi, aliyerekebisha kigari mara tatu bila kunung'unika. Nawashukuru ninyi mliokuja kukaa nami siku zile ngumu. Na mke wangu, pale nyuma, ahsante kwa kunisema.

Nililojifunza ni hili: uliyemuumiza usimkimbie, wala usimvute akusamehe. Kaa karibu naye ukiwa na akili zako timamu, umsubiri. Akija, aje kwa hiari yake.