Bi Mwajabu binti Seleman na Wimbo Wake wa Idi

Dada yetu mpenzi, Bi Mwajabu binti Seleman, alizaliwa Ruaruke mwaka 1912, kifungua mimba wa Mzee Seleman na Bi Mwanaharusi.

Alisoma Kurani kwa Maalim Huseni. Alihitimu vizuri, ingawa maalim alilalamika kwamba binti huyu hawezi kushika ubao asiupige kama ngoma.

Mwaka 1930 aliolewa na Zaidi bin Abdalah, mkata boriti, wakahamia Maparoni na kujaliwa binti mmoja, Mashavu. Marehemu alilima mpunga, na penye kinu hakuwa na mpinzani: yeye aliimba, wenzake wakaitikia.

Zaidi alikaa miezi kambini kwenye mikoko, akirudi kwa Idi. Asubuhi ya Idi ya mwaka 1938 marehemu alitwanga huku akimngoja, na wimbo ukamjia:

Mwezi umeshaandama,
mchele nimeshatwanga,
njoo ule Idi kwako.

Wenzake wakaitikia, “Yuaja huyo, yuaja!”

Nao walikuwa wanajua. Zaidi aliangukiwa na mti akazikwa huko huko kambini, na habari ilifika jana yake. Wazee waliamua mkewe asiambiwe mpaka Idi iliwe, kwani kwetu msiba haupelekwi kwenye furaha ya mtu. Aliambiwa jioni. Tangu siku hiyo alitwanga kimya.

Wimbo ulikwenda zake. Mwaka 1954 bendi moja ya Dar es Salaam iliutia kwenye santuri, na sasa kila Idi watu wanaucheza. Alipotutembelea mara moja tukakimbilia kuizima santuri, akatukataza: “Iacheni, baba. Huyo aimbaye hajaambiwa bado.” Inauma mpaka leo.

Mwaka jana alianza kuugua tumbo. Alitibiwa Utete, kisha tukamleta hapa Ruaruke tumuuguze. Alituusia: “Mie nikifa, Mashavu aambiwe papo hapo, hata kama yuala pilau.”

Alifariki alfajiri ya leo, Idi, tarehe 20 Aprili 1958. Wazee walishauri tungoje watu wale kwanza. Hatukungoja. Mjumbe wetu alimkuta Mashavu kwake Maparoni, mchi mkononi, akiimba wimbo wa mama yake. Akamkatiza, akamwambia. Mashavu amelia njia nzima, lakini amewahi kumwosha mama yake kwa mikono yake mwenyewe.

Marehemu ameacha binti huyo, wajukuu wawili, Mwanaidi na Dadi, na mimi mdogo wake, Bashiru. Mola amlaze pema, dada yetu, apumzike.